Pete ya Glovu

Zahanati ya Kitaya,
14 Februari 1998

Fundi Gaudensi,

Sitaanza kwa kusema mimi mzima, hofu ni kwako. Mimi si mzima. Goti limechubuka, kiwiko kina kidonda, na hofu yangu yote iko kwenye hii pikipiki yako.

Naiita yako kwa sababu idara imenipa funguo tu. Aliyeitandaza vipande vipande sakafuni na kuirudisha ni wewe. Na siku ile ya Oktoba ulinikalisha juu yake saa nzima, eti unapima. "Sista, kaa vizuri. Sista, usipumue." Wenzako wa gereji wakacheka mpaka wakaacha kazi. Kama ulikuwa unapima pikipiki au unanipima mimi, Mungu ndiye anajua.

Sasa sikiliza. Kwenye barabara ya makorongo usukani unatetemeka mpaka vidole vinakufa ganzi. Kwenye mchanga mbele inazama, kisha inapiga kichwa huku na huku kama mbuzi anayekataa kamba. Nikishika breki inainama utadhani inataka kusali. Kwenye kona ndiyo balaa, nakata kushoto yenyewe inatanua. Juzi nimetua katikati ya shamba la mihogo nimekumbatia sanduku la chanjo, na mwenye shamba akanisalimia bila kushtuka, kana kwamba hiyo ndiyo njia yangu. Tena kuna siku inavuta upande wa kulia. Si kila siku.

Niambie la kufanya. Spana ulizonipa ninazo. Ila ninachotaka hasa ni uje mwenyewe. Gari la chanjo linakuja kila mwezi, na dereva Danieli anasema kila mara anakualika na kila mara una kazi. Mtwara mpaka hapa ni safari ya nusu siku. Mimi nimetoka Njombe, nimefika. Wewe unashindwa nini? Zahanati hii nesi ni mimi peke yangu, siwezi kuiacha nikaja mjini kukutazama.

Nakukumbuka, fundi. Basi, nimesema.

Theresia


Mtwara,
2 Machi 1998

Sista Theresia mpendwa,

Pole ya goti, pole ya kiwiko. Mihogo nayo ipe pole.

Tuanze na pikipiki, maana hapo sitatapatapa. Shokapu za mbele zina vitu viwili ndani: springi inayobeba uzito, na oili inayoituliza springi isirukeruke. Oili yako imekufa. Ikifa, mbele inaanguka upesi na kuruka upesi. Na mbele ikianguka, shokapu zinasimama wima zaidi, usukani unakuwa mwepesi mno, unageuka hata kabla hujataka. Hapo ndipo mtikisiko unapoanzia. Mbele ikiinuka kupita kiasi, zinalala, usukani unakuwa mzito, pikipiki inagoma kukata kona. Wewe umeniandikia magonjwa yote mawili kwa pikipiki moja, na hilo linanishangaza. Inayoinama na inayotanua ni kama si pikipiki ileile.

Danieli amekubebea oili na vipande viwili vya bomba nilivyokata. Fungua vifuniko vya juu vya shokapu, taratibu, springi isikurukie usoni. Chini kuna skrubu ya kumwagia. Weka oili mpya kwa ile chupa ya kupimia dawa, sawasawa kila upande. Kipande cha bomba kikae juu ya springi kabla ya kufunga.

Halafu chukua glovu, ukate pete nyembamba pale kwenye mkono wake, uivishe kwenye ile nguzo inayong'aa ya shokapu. Isukume mpaka ikae chini kabisa. Keti, shuka polepole, kisha pima pete imepanda sentimita ngapi. Nataka tano. Nyuma pia, pima kutoka nati ya gurudumu mpaka bolti ya kiti, pikipiki tupu na wewe ukiwa juu. Abdallah wa hapo zahanati akusaidie kushika utepe.

Kuhusu kuvuta kulia, nadhani mliziba pancha na gurudumu halikurudi sawa. Legeza bolti za chini, shika breki ya mbele, uisukume mbele chini-juu mara tano, ndipo ukaze.

Sasa hilo la kwa nini siji. Nimeandika barua hii mara tatu nikiliacha, na leo Danieli anaondoka, sina nafasi ya mara ya nne.

Mimi ni mtu wa huko. Nimezaliwa vijiji viwili kutoka hapo ulipo, ng'ambo ya mteremko wa Mikorosho Mitatu. Mwaka 1991 nilikuwa kijana wa gereji mwenye pikipiki yake, na ilikuwa fasheni yetu hapa mjini kuzisukuma shokapu juu kwenye vibano vyake, ili mbele ishuke. Inageuka kwa kidole, watu wanakuangalia. Nikampakia baba kumrudisha nyumbani. Sikuzirudisha shokapu mahali pake. Niliona uvivu, Theresia. Kazi ya dakika kumi. Pale mteremkoni nilishika breki kwenye makorongo, mbele ikainama, usukani ukapiga kichwa na kunitoka mikononi. Mimi nilivunjika bega. Baba hakuamka.

Siku ya msiba mama aliniita mbele ya watu wote. Alisema, "Nkono wako huo usiniguse. Hata siku ya kunizika, usinibebe." Sijarudi tangu hapo. Nimetuma watu kuomba radhi, mara mbili, hajajibu. Mtu ambaye mama yake hatamruhusu kumzika, unadhani anaweza kusimama mbele ya mwanamke na kumwambia neno la maisha? Ndiyo maana nakupimia pikipiki.

Nakukumbuka mpaka nakosea kazi.

Gaudensi


Kitaya,
29 Machi 1998

Gaudensi,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na ya tatu nililia. Nitakujibu ya pikipiki kwanza. Hayo mengine nipe muda, na usidhani kunyamaza kwangu ni kukuhukumu. Nina sababu nyingine.

Oili iliyotoka ilikuwa nyeusi, inanuka kama samaki aliyesahaulika. Springi ilinirukia, ikanikosa, ikampiga Abdallah kifuani, anakusalimu. Pete inapanda sentimita tano kamili. Nyuma, tupu ni sitini na mbili, nikikaa ni hamsini na saba. Nimetumia utepe wa kupimia matumbo ya wajawazito, hivyo ni vipimo vya kuaminika.

Sasa nikiwa peke yangu ni raha tupu. Inanyooka, inakata kona, na mchanga inaupita bila kelele. Nikiwa na mzigo ndiyo bado inavuta kulia. Na mzigo, nyuma inasoma hamsini na moja na nusu, na pete ya mbele badala ya kupanda zaidi imeshuka kidogo, nne na robo tatu. Nimepima mara mbili.

Naomba ushauri mmoja. Kama mtu amebeba kitu kinachoumizwa na mitikisiko, chupa tuseme, afanye nini? Nataka mbele isiruke kabisa, na nikishika breki isiiname kwa ghafla. Nakwenda nacho kila Jumatano kituo cha misheni kwa daktari, kupitia ule mteremko wako, na kurudi. Bomba la moshi nimelizungushia gunia bichi ili lisikiunguze.

Mvua zimeanza. Daraja la pili maji yamelifika magotini. Kuna kitu ningependa kukuambia na siwezi, na ni mara ya kwanza kinanitokea na wewe.

Theresia


Mtwara,
20 Aprili 1998

Sista Theresia,

Nimezikalia namba zako wiki mbili.

Wewe una kilo hamsini na nane. Nilikupima mimi, nakumbuka kuliko ninavyokumbuka jina la padre aliyenibatiza. Ukikaa, nyuma inashuka sentimita tano. Mzigo wako unaishusha tano na nusu nyingine, na mbele inainuka kwa sababu mzigo umekaa nyuma kabisa, juu ya gurudumu. Ndiyo maana ilikuwa inatanua kwenye kona. Magonjwa mawili kwa pikipiki moja: ukiwa peke yako inainama, mkiwa wawili inatanua. Mkiwa wawili, Theresia. Sanduku la chanjo halifiki kilo kumi na tano. Huu una arobaini na nane, tena kila Jumatano.

Pikipiki hiyo imeandikwa kwenye tangi hairuhusiwi abiria. Herufi hizo nilizipaka mimi. Sitakusemea kwa mganga wa wilaya, usiogope. Nauliza tu kama mtu. Ni nani anakaa nyuma yako? Mwalimu? Karani wa mahakama ya mwanzo? Ni mwembamba, hilo najua, na lazima awe wa thamani sana mpaka unamfungia bomba la moshi kwa gunia. Mimi nilipakwa oili mwaka mzima na hakuna aliyenifunga gunia.

Ushauri uliotaka huu hapa, sitakunyima kazi kwa sababu ya moyo. Ongeza oili kidogo kila shokapu, kijiko kimoja cha chakula, itapunguza kuinama. Upepo wa tairi la mbele punguza kidogo. Breki anza na ya nyuma, ya mbele ifuate taratibu, usiikamate wakati uko juu ya makorongo. Kama kuna mtu duniani anayelijua hilo ni mimi. Mteremko ule usiuteremke kwa kasi, tafadhali. Hata kama nyuma yako yupo mwingine.

Gaudensi


Kitaya,
17 Mei 1998

Gaudensi,

Karani wa mahakama ana mke na watoto saba, na mwalimu ana pikipiki yake. Nilicheka, halafu nikakasirika, na mpaka sasa sijajua nikuandikie kwa lipi.

Ndiyo, napakia mtu. Nilianza Januari, na sikukuambia kwa sababu ya zile herufi zako kwenye tangi. Ni mgonjwa. Hawezi kutembea kufika kwa daktari, na gari hakuna. Ningekutajia na jina, ila baada ya ile barua yako ya Machi mgonjwa huyu aliniapisha nisimtaje kwako. Nimeapa kwa rozari ya marehemu mama yangu. Usiniulize kwa nini, maana nikieleza nimevunja.

Unisikie vizuri. Hakuna mwanamume. Ningependa awepo mmoja, lakini amejificha mjini nyuma ya spana, anapiga hesabu za kilo zangu badala ya kupanda gari la Danieli. Kila mwezi gari likiinua vumbi pale juu nasimama mlangoni na koti jeupe, na kila mwezi anashuka Danieli na barafu. Umewahi kuona mwanamke anayelichukia sanduku la barafu? Ndiye mimi.

Kijiko chako cha oili kimesaidia sana. Mgonjwa ameniuliza umeifanya nini pikipiki hii, mbona siku hizi haitupi. Nikamwambia. Tulipofika akalipapasa tangi.

Jumatano iliyopita: mbele nne na nukta tisa, nyuma hamsini na mbili na nusu. Bado inavuta kulia. Bolti nimelegeza na kukaza kama ulivyosema. Kosa haliko kwenye gurudumu.

Nakupenda. Nimechoka kuizunguka hiyo sentensi.

Theresia


Kitaya,
5 Julai 1998

Gaudensi,

Mwezi wa Juni Danieli alikuja bila barua yako. Kama ni hasira, basi ikae, mimi naendelea na kazi.

Jumatano ya kwanza ya Juni, nyuma hamsini na mbili na robo tatu. Ya tatu, hamsini na tatu. Jumatano hii, hamsini na tatu na robo. Mbele imerudi karibu na tano. Bado inavuta kulia.

Shokapu hazina ubaya wowote. Nimekagua, nimepima, nimeandika. Tafadhali zisome hizi namba vizuri, kwa utulivu, kama unavyosikiliza injini ya mtu. Usisome kama mpenzi aliyekasirika. Zisome kama fundi.

Theresia


Mtwara,
19 Julai 1998

Theresia,

Nimezisoma.

Juni sikuandika kwa sababu ya wivu, na wivu wenyewe ulikuwa wa kijinga. Leo nimetoa barua zako zote, nikapanga namba kwenye ubao wa gereji kwa chaki. Hamsini na moja na nusu. Hamsini na mbili na nusu. Na robo tatu. Tatu. Tatu na robo. Nikasema springi ya nyuma imekuwa ngumu, halafu nikajicheka, maana springi huchoka, haijapata kuonekana springi inayopata nguvu uzeeni. Kama pikipiki haibadiliki, anayebadilika ni abiria. Arobaini na nane. Arobaini. Thelathini na tatu. Mtu huyo anaisha.

Nikabaki na ile kuvuta kulia. Mwanamume akipakiwa anatanua miguu, pikipiki haivuti popote. Mwanamke anakaa upande, na wanawake wote wa huko wanatupa miguu kushoto, kwa sababu bomba la moshi liko kulia. Wa kwako anatupa miguu kulia, mpaka umefunga bomba kwa gunia. Nikajiuliza ni mwanamke gani huyo anayekaa kinyume cha wenzake.

Nilikaa chini, Theresia. Pale pale kwenye oili.

Mama yangu alianguka kutoka kwenye mkorosho kabla sijazaliwa, na goti lake la kushoto halikunjiki. Kwenye baiskeli ya baba alikuwa anakaa miguu kulia, ili ule mguu mkavu upate nafasi ya kunyooka mbele. Watoto wenzangu walimcheka. Baba alikuwa anaegemea kushoto njia nzima ili baiskeli isianguke, na suruali zake zote zilichakaa upande mmoja. Sijawahi kumwona mwanamke mwingine anayepakiwa hivyo.

Mama yangu ana kilo thelathini na tatu. Na mimi nimekuwa nikimtengenezea usafiri tangu Machi, nikidhani namtengenezea karani.

Usinijibu, usije ukavunja kiapo. Kuanzia mwezi wa Machi umenibebea jambo zito kuliko abiria yeyote, na mimi nikakutukana. Nisamehe.

Jumamosi ya Agosti mosi napanda gari la Danieli. Anaweza kunifukuza tena. Anaweza kurudia maneno yale yale mbele ya watu wale wale. Nakuja hivyo hivyo. Nimemkumbuka kwa miaka saba nikajifanya nina kazi.

Gaudensi


Kitaya,
9 Agosti 1998

Gaudensi wangu,

Uliondoka Jumatatu uso umekushuka, hukuniaga vizuri, na nimelibeba hilo wiki nzima. Najua ulichokiona. Siku mbili uani kwake, umefungua shokapu zote, umeosha springi, umebadilisha sili zinazozuia oili, na yeye kwenye mkeka anakutazama bila neno zaidi ya kuitikia shikamoo. Ulipomnyooshea bakuli la uji alingoja uliweke chini ndipo akalichukua. Niliona mkono wako ulivyobaki hewani.

Sasa nikwambie yaliyofuata gari lilipopotea kwenye vumbi. Kiapo changu amenifungua mwenyewe, kwa hiyo nasema.

Aliniuliza, "Umemwambia?" Nikasema, sijamwambia neno, mama, nimeapa kwa rozari. "Basi amejuaje?" Nikasema, kwa pikipiki. Nikamweleza habari ya pete ya glovu, na utepe, na gunia, na miguu yake kulia. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka, Gaudensi. Sikujua ana meno machache vile. Akasema, "Siku ile uliponiuliza kama ni mwanangu, nilikuapisha kwa sababu nilitaka aje kwa kutaka, asije kwa kuitwa na ugonjwa. Na yeye alikuwa ananitafuta kwenye hesabu."

Mimi niliapa kutosema. Sikuapa kutopima. Nilimwambia hivyo, na akasema mwanamke wa Njombe ni mjanja kuliko anavyoonekana.

Jumatano tukaenda kwa daktari. Tangu Januari, kila tukifika Mikorosho Mitatu hufumba macho na kunishika kiunoni mpaka tufike bondeni. Safari hii alisema nisimame juu. Akaangalia chini kwa muda mrefu. Akasema, "Teremka. Nitaangalia." Nikateremka. Pale kwenye makorongo nikashika breki, ya nyuma kwanza kama ulivyonifundisha, na mbele ikashuka taratibu, ikatulia, usukani haukutikisika hata kidogo. Nilimsikia anapumua mgongoni kwangu. Tulipofika bondeni akasema, "Haikututupa."

Wakati wa kurudi ndipo akanipa ujumbe, akanirudisha mara mbili ahakikishe nimeushika. Nauandika kama alivyosema:

"Nwambie ntoto wangu sina siku nyingi. Watahitajika watu wa kunibeba. Nwambie na yeye abebe. Ashike mbele."

Theresia


Mtwara,
16 Agosti 1998

Theresia,

Nimeomba ruhusa gereji, hawakunipa, nimejipa mwenyewe. Nakuja kukaa mpaka mwisho.

Usinipimie tena namba. Safari hii nitampakia mimi.

Nina swali kwako ambalo sikuwa na haki ya kuuliza nikiwa sina radhi ya mama. Bado siulizi. Kwanza nimpeleke kwa daktari wake kila Jumatano, mpaka Jumatano ziishe.

Gaudensi


Kitaya,
25 Oktoba 1998

Gaudensi,

Arobaini ya mama imepita. Walikuja watu wengi, na Abdallah alipika wali kama ana harusi. Wazee wanasimulia bado jinsi ulivyoshika jeneza mbele, upande wa kushoto, ukakataa kupokewa kutoka kanisani mpaka makaburini. Mzee mmoja amesema hajapata kuona jeneza linabebwa bila kuyumba vile. Nikamwambia yule ni fundi.

Nilikuona siku ile baada ya watu kutawanyika, unaitazama mikono yako. Sikukusogelea. Nilidhani ulikuwa na mazungumzo nayo.

Tangu urudi gereji nimeendesha peke yangu. Shokapu ulizofunga mara ya mwisho ni nzuri, pete inasoma tano, kona nazikata, mchanga naupita. Lakini kuna tatizo jipya na nimelikagua kila upande. Inavuta kushoto.

Nimelegeza bolti, nimekaza. Nimepima upepo. Nikamwomba Abdallah asimame barabarani atazame nikija. Akasema, "Sista, pikipiki imenyooka. Wewe ndiye umeinama."

Kumbe bado naegemea kushoto, Gaudensi. Miezi minane nimeegemea kushoto ili mama yako asianguke, na mwili haujapata habari kwamba ameshuka. Nilisimama pale pale barabarani nikalia kwa sauti, na watu wakapita wakanipa pole wakidhani nimepata pancha.

Nimekukumbuka wewe, nimemkumbuka yeye, na siku za Jumatano sijui nizifanyeje. Swali lako hujaliuliza, na mimi sina subira ya kungoja Danieli akuletee ujasiri kwenye sanduku la barafu. Jibu ni ndiyo. Mama alilijua kabla yako. Alinitania tangu Agosti, akaniambia nikivaa viatu vyeupe vya harusi nitaviharibu kwa oili.

Njoo na springi nzito za nyuma, urekebishe na mbele upya kuanzia mwanzo. Uipime kwa watu wawili. Mimi nitakaa nyuma, nimetanua miguu pande zote, na herufi zile kwenye tangi utazifuta mwenyewe.

Theresia